UZI: Kazi ya pamoja mtaani hudumu pale inaporudi kwa walioifanya

NyarManyatta, Kisumu

Wadau hamjambo. Kuna swali limenikaa moyoni na ningependa tulijadili kwa utulivu. Mtu ana kibanda chake, ana kodi ya nyumba, ana karo ya watoto. Jumamosi anafunga kibanda na kwenda kufanya kazi na majirani, kazi isiyomlipa hata shilingi. Anafuata nini? Na mbona kikundi kimoja hudumu miaka na miaka, kingine chenye watu wa aina ileile na ari ileile kinasambaratika kabla hata katiba yake haijapigwa muhuri pale ofisi ya Maendeleo ya Jamii?

Jibu la haraka ni umoja, upendo, utu. Sikatai. Lakini nimekaa kwenye vikundi vya kutosha kujua kwamba upendo ulikuwepo hata kwenye vile vilivyokufa. Ndiyo maana siku hizi naangalia kitu kingine: kazi ikishamalizika, inakwenda wapi?

Kikundi chetu kinarekodi sauti. Wazee wakisimulia, akina mama wakieleza kazi za mikono yao, nyimbo za harusi na za matanga, mapishi, majina ya zamani ya vijia na visima vya huku Manyatta na Nyalenda. Vifaa ni simu zetu wenyewe. Tunarekodi asubuhi kwa sababu mvua ya Kisumu hupenda alasiri, na ikishagonga mabati hakuna tena kurekodi. Dirishani tunatundika blanketi, kuku wanafukuzwa uani, mtoto mmoja anatumwa barabarani kuwaomba watu wa boda boda wasipige honi. Mwenye simu anaishika usawa wa kidevu cha msemaji, kando kidogo, ili pumzi isiingie.

Mfano mmoja. Tulimrekodi mama mzee anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani. Akaeleza kwa utaratibu: omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu, siyo mchangani, maana mchanga ukiingia bei inaanguka. Hugeuzwa jua likiwa bado lina nguvu. Ikikutwa na mvua kabla haijakauka, hiyo inakuwa chakula cha kuku, hakuna mnunuzi wa sokoni atakayeigusa. Tukamshukuru, tukaondoka.

Baadaye tukarudi na spika ndogo, tukaiweka kwenye meza ya muuza mboga jirani yake, tukaicheza ile sauti. Wanawake wakasimama na beseni zao kichwani. Haikuchukua muda, mmoja akapinga: "Aa-aa, nyavu siyo lazima, kwetu tunaanika juu ya nyasi na inatoka safi." Mwingine akamjibu kwamba nyasi zikiwa na umande unaharibu mzigo wote. Mama mwenyewe alikuwa amekaa palepale, anasikia sauti yake ikitoka kwenye kisanduku na watu wazima wakibishana juu ya maneno yake. Kabla hatujafunga spika, kuna wanawake waliokuwa wameshauliza watarekodiwa lini. Hatukuwa tumemwomba mtu.

Tofautisha na hili. Kwa miaka mingi mtaa wetu umepokea wageni wenye fomu na vinasa sauti. Wanafunzi, watafiti, watu wa miradi. Unasaini, unahojiwa, unapewa soda, wanaondoka. Ulichosema kinaenda kukaa kwenye ripoti ambayo hutaiona maishani mwako. Mara ya tatu wakija, watu wanajifungia ndani. Na hao wageni huandika kwamba jamii ile haina mwamko.

Ninachosema ni hiki: watu hawachoki kufanya kazi ya bure. Wanachoka kufanya kazi isiyorudi. Mradi hujenga jamii pale ambapo waliouzalisha wanausikia, wanauona, wanaubishia, na watoto wao wanautumia. Usiporudi, mnabaki kuwa vibarua wa mtu mwingine hata mkipewa fulana zenye nembo.

Angalieni harambee za miaka ya 70. Watu wa Magharibi mwa Kenya walichanga wakaanzisha chuo cha WECO pale Kakamega mwaka 1972. Huku kwetu Kisumu wakachangia chuo cha ufundi cha RIAT. Waliotoa walikuwa wakulima, wavuvi, walimu. Chuo kilisimama hapahapa, mtoto wa aliyetoa au mtoto wa jirani yake akaingia darasani. WECO ndiyo leo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mchango uliochukuliwa mfukoni ulirudi ukiwa na paa na madirisha, na ukipita barabarani unauona.

Mlio Nakuru, Kakamega, Homa Bay, Busia, kwenu mambo yakoje?

MpigaHesabu, Kakamega

Dada NyarManyatta, nimesoma yote na kazi yenu naiheshimu. Lakini niruhusu nipingane nawe.

Hii habari ya kujitolea imenufaisha wengi, na mara nyingi anayejitolea hayumo. Chukua mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza 2017. Kiswahili kimo. Mtu anasoma sentensi kwenye simu, watu wengine wawili wanasikiliza na kuikubali, kisha sauti zile zinawekwa wazi kwa yeyote duniani. Nia ni nzuri, mashine zielewe lugha zetu. Lakini kampuni tajiri nayo inaruhusiwa kuchukua bure, kutengeneza bidhaa na kutuuzia. Kijana wa Lurambi aliyesoma sentensi kwa bando lake mwenyewe anapata nini?

Mimi nahesabu saa. Mama anayeacha kibanda siku nzima amepoteza mauzo ya siku nzima. Nani anamfidia? Mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi anaweza kujitolea Jumamosi. Mwenye kula kwa siku hawezi. Tukisifu sana moyo wa kujitolea, mwisho vikundi vinajaa watu wenye nafasi, na hao ndio wanaoamua sauti ya nani irekodiwe. Walipeni watu. Ndiyo heshima.

KijanaWaRhonda, Nakuru

Nimekuja mbio kwa sababu hili limetukuta.

Sisi tunatengeneza filamu fupi, tunazunguka Rhonda, Kaptembwo, Kivumbini. Tulianza na kamera moja ya kuazima. Mwenye mkokoteni alitusaidia kusukuma kamera ipite laini, mama wa chapati alilisha waigizaji, fundi stima akafunga taa. Hakuna aliyelipwa. Filamu ikiisha tunatundika shuka jeupe ukutani, tunaazima projekta, mtaa mzima unakuja. Watu wanacheka wakiona mlango wa nyumba yao.

Kisha likaja shirika moja likasema litatufadhili. Posho kwa kila siku ya kazi. Tulifurahi sana, na wengine walilipa madeni, siwalaumu. Lakini vitu viwili vilibadilika. Kwanza, filamu zilikuwa zao, tukakatazwa kuzionyesha hadi wao wazizindue kwenye hoteli, na kwenye hoteli mtaa haukualikwa. Pili, ufadhili ulipoisha na tukaita watu kama zamani, fundi stima akauliza, "Posho ngapi?" Ni mtu yuleyule aliyekuwa akija na waya zake bila kuitwa.

Sasa sijui nimuunge mkono nani kati yenu wawili. Pesa ilitusaidia na ilituharibia.

Kitu kingine ambacho sitaki tukisahau. Rhonda na Kaptembwo ni mitaa ya makabila yote. Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Nakuru iliungua, na jirani alimkimbia jirani. Januari ileile watu wachache waliojua mambo ya mtandao, wengi wao Wakenya, akina Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walianzisha Ushahidi, ramani iliyopokea taarifa za raia wa kawaida, hata kwa ujumbe wa simu, ikionyesha wapi kuna vurugu. Baadaye programu hiyo ikatumika katika nchi nyingi. Lakini mtaani, baada ya moto kuzimika, tulihitaji kitu cha kutuweka chumba kimoja tena. Warsha za amani zilikuwa nyingi. Ukikaa warshani unatazamana na mtu usiyemwamini na kuambiwa mwongee kuhusu kuaminiana. Ukishika upande mmoja wa taa na yeye upande wa pili, mnaongea kuhusu taa. Kwangu hilo la pili lilifanya kazi zaidi.

NyarManyatta, Kisumu

Kaka MpigaHesabu, umesema kweli kuhusu wanaokula kwa siku, na sitaki niipite juu juu.

Kwetu gharama hulipwa kwanza. Nauli, bando, chai, na kitu kidogo kwa mzee aliyetupa asubuhi yake. Tunachanga wenyewe kwenye chama. Hapo sina ubishi. Na kama kampuni inataka sauti ili ipate faida, basi ije na mkataba, ilipe vizuri, na nakala ibaki huku.

Lakini yaliyomkuta KijanaWaRhonda yana maelezo. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti wao wa Haifa, Israel, katika vituo 10 vya kutunzia watoto mchana. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Vituo 6 vikaweka faini ndogo. Tungetarajia wachelewaji wapungue. Waliongezeka, wakafika karibu mara mbili. Faini ilipoondolewa, hawakurudi kwenye hali ya zamani. Awali mzazi alimwonea haya mwalimu aliyebaki na mtoto wake jioni. Faini ilipokuja, haya ikaondoka, ikabaki bei, na bei ukiilipa huna deni na mtu.

Fundi stima wa Rhonda alikuwa na deni la haya na furaha kwa mtaa wake. Posho ikalifuta. Ilipoondoka posho, kile cha zamani hakikuwepo tena pale kilipokuwa.

Hata hivyo sisemi malipo huua moyo siku zote. Mwaka 2005 Karim Lakhani na Robert Wolf walitoa matokeo ya kuwahoji waandishi 684 wa programu huria, zile zinazotengenezwa na watu wengi na kutumiwa bure. Takriban asilimia 40 walikuwa wakilipwa kwa kazi hiyo. Bado sababu kubwa iliyowasukuma ilikuwa raha ya kazi yenyewe, kujiona wanabuni kitu. Wanalipwa na wanaipenda. Kwa nini kwao pesa haikuharibu? Kwa maoni yangu ni kwa sababu programu waliyoiandika iliendelea kuwa yao pia. Waliitumia, waliirekebisha, jina lao lilikaa pale. Kwenye hadithi ya Nakuru, kilichoumiza zaidi ya posho ni ile hoteli. Filamu iliondoka mtaani.

Kijana, nikuulize: mngelipwa posho ileile lakini filamu ikaonyeshwa kwanza kwenye shuka jeupe Kaptembwo, fundi angeuliza swali lile?

KijanaWaRhonda, Nakuru

Dada, sidhani. Fundi stima huleta watoto wake kuangalia taa alizofunga. Ile ya hotelini watoto wake hawakuiona hadi leo.

JaduongWaHomaBay

Wanangu, nawasalimu. Mmenikumbusha mbali.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Mwaka 1982 hapa Homa Bay palifunguliwa kituo kidogo cha redio ya jamii kwa msaada wa UNESCO pamoja na serikali. Wanaoandika historia ya utangazaji hukitaja kama miongoni mwa vya kwanza kabisa vya aina yake Afrika. Mitambo yake ilikuwa ya bei nafuu, haikufika mbali. Lakini fikirieni nyakati zile. Redio ilikuwa Sauti ya Kenya, kila kitu kilitoka Nairobi. Ghafla redio inazungumza habari za ziwa lako, za mahindi yako, kwa sauti ya mtu unayejua nyumbani kwake. Mwaka 1984 serikali ikakifunga. Miaka miwili tu.

Nasema hili kwa sababu binti yangu wa Manyatta amegusa jambo lililo zito kuliko anavyofikiri. Kazi ikirudi kwa watu, watu wanaanza kujiona kuwa na maoni. Si kila mtawala hulipenda hilo. Leo mna redio za lugha za mama kila kona, Ramogi, Mulembe, mnapiga simu mnasema mpendacho. Kwetu kufungwa kwa kituo kile kulikuwa kama kunyamazishwa mtu katikati ya sentensi.

Tena, hii kazi ya kurudi si ngeni. Waluo tulikuwa na saga, majirani zetu Abagusii wana egesangio. Leo tunapalilia shamba lako, kesho langu, mwenye shamba anapika. Hakuna aliyeandika daftari, lakini kila mtu alijua zamu imefika kwa nani. Mvivu alijulikana. Mjane alilimiwa hata kama hana nguvu ya kurudisha, kwa sababu watoto wake wangekua. Zamu ilizunguka hadi ikafika kwa kila boma. Isipozunguka, kikundi kilikufa msimu uleule.

MwalimuWaMbale, Vihiga

Asante sana Jaduong' kwa historia hiyo. Niongezee ya darasani.

Kuna mradi unaoitwa African Storybook, ulianzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, tovuti yake ikafunguliwa 2014. Ni vitabu vya picha vya watoto kwa lugha za Afrika, vyenye leseni huria. Mtu yeyote anaweza kutafsiri hadithi, kuibadilisha, au kuandika yake. Jina la mwandishi, la mchoraji na la mtafsiri huandikwa kwenye kitabu. Hili la majina ni dogo ukilisikia, lakini njoo uone linavyofanya kazi.

Niliwaomba wazazi kadhaa wanisaidie kutafsiri kurasa chache kwa Lulogooli, lugha yetu ya huku Vihiga. Kurasa zenyewe zina sentensi mbili tatu. Mzazi mmoja anauza ndizi sokoni Mbale, alisoma hadi darasa la saba. Alisema hawezi. Nikamsomea sentensi kwa Kiswahili, naye akaisema kwa Lulogooli huku akimhudumia mteja, mimi nikaandika. Tulipomaliza akaniambia nifute sentensi moja, akaisema upya, kwa sababu ile ya kwanza "mtoto hawezi kuisema hivyo". Tulipochapisha na kuisoma darasani, mtoto wake alifika ukurasa wa mwisho akalisoma jina la mama yake kwa sauti. Siku iliyofuata wazazi wengine walinisimamisha njiani wakitaka kurasa zao.

Gawanyeni kazi vipande vidogo kiasi cha mtu kukifanya akiwa amesimama kwenye biashara yake. Ndiyo njia mojawapo ya kumjibu MpigaHesabu. Anayekula kwa siku hana siku nzima ya kukupa, lakini ana dakika kumi, na dakika kumi za watu wengi zinatosha kitabu. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, imejengwa hivyohivyo: mmoja anaanzisha makala yenye mistari minne, mwingine anarekebisha tarehe, wa tatu anaongeza picha.

Na kuhusu watafiti wanaochukua na kuondoka, wapo wanaofanya vingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno, wakishirikiana na wenzao wa Nairobi na Africa Nazarene, walikusanya hazina ya maandishi na sauti iitwayo Kencorpus: Kiswahili, Kiluo, na Kiluhya cha aina tatu, Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Wameiweka wazi ili watafiti na wabunifu waitumie. Kwamba Maseno iko hapa kwetu, njiani kwenda Busia, ni jambo kubwa. Mwanafunzi wa Vihiga anaweza kwenda kubisha hodi.

MpigaHesabu, Kakamega

Mwalimu, hoja ya dakika kumi nimeikubali. Lakini kuwa wazi kwa watafiti si sawa na kurudi kwa mama wa ndizi. Faili iliyo kwenye kompyuta ya Maseno au ya Marekani, kwake yote ni mbali. Nikubaliane na NyarManyatta hapo: spika ya mezani imerudisha zaidi ya tovuti.

MwalimuWaMbale, Vihiga

Sawa kabisa. Ndiyo sababu nilichapisha kwenye karatasi.

MamaWaDunga, Kisumu

Nimewasoma wote, sasa mimi muuza samaki niseme. Mnasema kazi irudi. Je, ikirudi na ikawanufaisha hata wale ambao hawakuinua kidole?

Hapa Dunga tuna BMU, kikundi cha kusimamia ufuo, kiko kisheria tangu kanuni za 2007. Msimu wa kufunga uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, mitumbwi ya omena inatakiwa kutulia ili samaki wazaane. Mimi nikitulia, na mwenzangu akaingia ziwani usiku, yeye anauza kwa bei ya juu maana sokoni hakuna omena, na msimu ukifunguliwa anavua pamoja nami samaki niliowaachia wakue. Kazi yangu imerudi, ndiyo, lakini imerudi kwake mara mbili. Ukiona hivyo mwaka mmoja, mwaka wa pili nawe unaingia usiku. Nyoyo hazivunjwi na umaskini, zinavunjwa na kuona mjanja anakula.

Kwenye chama chetu cha akina mama tuna faini, na haijatuharibia kama hao wa Haifa. Faini ni kidogo sana, lakini jina lako linasomwa mbele ya wote mwanzo wa kikao, na unaeleza kilichokuchelewesha. Kama ni mgonjwa, tunakuchangia badala ya kukutoza. Ukichelewa mara nyingi bila sababu, zamu yako ya kupokea inasogezwa nyuma. Hakuna anayetaka kufika hapo. Kwa hiyo usiseme faini ni mbaya, uliza nani anaitoza na anaitoza vipi.

NyarManyatta, Kisumu

Mama, hilo ndilo lililokuwa limepungua kwenye hoja yangu, na umelieleza vizuri sana.

Mmarekani mmoja, Elinor Ostrom, alitumia maisha yake kuchunguza mambo haya: wavuvi, wafugaji kwenye milima ya Uswisi, wakulima wa mifereji huko Nepal. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kabla yake wengi waliamini kwamba kitu cha wote lazima kiharibiwe, isipokuwa kitwaliwe na serikali au kiuzwe kwa mtu binafsi. Yeye akaonyesha jamii zilizotunza vya pamoja kwa mamia ya miaka. Zilizofanikiwa zilifanana kwa mambo kadhaa: wenyewe walitunga kanuni zao, wenyewe walichungana, adhabu ilianza ndogo na kupanda kwa anayerudia, na palikuwa na mahali pa karibu pa kumaliza ugomvi. Chama chenu cha Dunga kimo humo chote. Faini ya Haifa ilitoka kwa mwenye kituo kwenda kwa wateja. Yenu inatoka kwenu kwenda kwenu, na inaanza kwa kukuuliza kama uko salama.

Kwa hiyo nairekebisha hoja yangu hivi: kazi irudi, na wanaoirudisha wajuane. Kwenye rekodi zetu tunataja majina mwishoni: aliyesema, aliyeshika simu, aliyetoa nyumba, aliyefukuza kuku. Asiyefanya kitu hatajwi. Hakuna anayegombezwa. Lakini spika ikicheza sokoni, watu husikiliza orodha ile kwa makini kuliko hadithi yenyewe, na wapo waliokuja kuniuliza kwa nini jina la fulani limo na yeye alifika tumeshamaliza.

MamaWaDunga, Kisumu

Hahaha, huyo namjua. Endeleeni hivyohivyo nyar, msiongeze jina la bure.

SamiaMpakani, Busia

Dada NyarManyatta, mimi na wenzangu tunataka kuanza kurekodi wazee huku Busia na Funyula. Tuanze na nini? Lazima tusajiliwe? Na sauti tuziweke wapi zisipotee?

NyarManyatta, Kisumu

Karibu sana ndugu. Usianze na usajili. Anza na mzee mmoja na spika moja, uone kama mtaa unasimama kusikiliza. Kukishakuwa na watu wanaorudi wenyewe, nendeni ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo mjisajili chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Usajili utawasaidia kufungua akaunti na kuomba ukumbi.

Idhini ichukuliwe kwa sauti, mwanzoni mwa rekodi. Mzee aseme jina lake, aseme amekubali, na aseme rekodi isikike wapi: kwa familia tu, mtaani, au kwa yeyote. Wapo waliotukataza nyimbo fulani zisichezwe nje ya matanga, na hatuchezi. Akibadilisha mawazo baadaye, inafutwa. Tulishafuta, na familia ile ndiyo iliyotuletea msemaji aliyefuata.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye simu ya mweka hazina, moja kwenye memori kadi inayokaa kwa mtu mwingine kabisa, nyumba nyingine, na moja kwenye intaneti mkipata bando. Jina la faili liwe na tarehe, mahali na mada, siyo "sauti 14". Na mwenye sauti apewe nakala yake siku ileile. Kama hana simu ya kuichezea, mpe mjukuu.

MpigaHesabu ameuliza mapema kuhusu kampuni. Wekeni kwenye katiba yenu tangu mwanzo kwamba hakuna mtu mmoja anayeweza kuuza au kutoa rekodi bila kikao. Ni rahisi kuandika hilo kabla pesa haijaonekana.

Fomu yetu ya idhini ni ukurasa mmoja, iko kwa Kiswahili na Kiluo. Nitaiweka hapa Jumatatu nikitoka matangani Bondo. Kwa Kisamia na Kiteso mtatafuta mtu wa huko aitafsiri, na mwalimu wa Mbale kama una nafasi, tunaiomba kwa Lulogooli.

MwalimuWaMbale, Vihiga

Nitumie. Nitaenda nayo sokoni kwa yule mama wa ndizi.